Mgonjwa wa Moyo Akirudi Nyumbani

Funga mkono wako wa kuume, ukaze vidole. Tazama hiyo ngumi. Moyo wako ni kadiri hiyo tu. Ulianza kupiga ulipokuwa tumboni mwa mama yako, wala haujapumzika hata siku moja tangu hapo. Kwa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku moja, na kila dakika husukuma kama lita 5 za damu. Bidoni ya manjano ambayo akina mama wa Nyakasanza hubeba kichwani ina lita 20. Basi kwa muda wa dakika nne moyo umekwisha kusukuma bidoni nzima, na wewe hukuona kitu.

Mwenye baiskeli aijua pampu yake. Ndani mna ngozi ndogo inayoruhusu upepo kwenda mbele na kuuzuia usirudi. Ngozi hiyo ikichakaa, utasukuma mpaka utoke jasho na tairi haijai. Moyo nao una milango minne ya namna hiyo, na kuta za nyama zinazokaza na kulegea. Kuta zikidhoofika, au mlango mmoja ukiharibika, damu haiendi mbele inavyopasa. Husongamana nyuma, na maji yake hupenya nje ya mishipa.

Maji yakiingia mapafuni, mgonjwa hukosa pumzi. Kwanza ni pale apandapo kilima na mzigo, kisha akitembea uani tu, kisha hata akilala chali. Huamka usiku wa manane akitafuta hewa, akaenda kuketi mlangoni. Hukohoa bila mafua. Maji yakishuka chini, miguu huvimba. Bonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa mguu, hesabu mpaka kumi, kisha uondoe kidole. Shimo likibaki, hayo ni maji. Baadaye tumbo nalo hujaa.

Hapo ndipo maneno mabaya huanza. Katika nchi yetu mtu akivimba tumbo, wengi husema, Amelishwa sumu. Shangazi aliyempa chai mwezi uliopita hatazamwi tena usoni. Fedha iliyokuwa ya hospitali hupelekwa kwa mganga wa kienyeji, na miguu huchanjwa kwa wembe ili maji yatoke. Ndugu, maji hayo hayakuingia kwa chai ya shangazi. Yametoka katika damu ya mgonjwa mwenyewe kwa sababu pampu imechoka. Tena ngozi iliyovimba ikichanjwa haiponi upesi. Huingia uchafu na kuoza. Wala si kila uvimbe ni wa moyo. Kuna uvimbe wa figo, na wa ini, na wa kukosa chakula chenye nguvu. Kwa hiyo mgonjwa apimwe kwanza, kabla mtu yeyote hajashtakiwa. Tumeona jamaa zilizovunjika kwa shauri hili, na zinachukua miaka mingi kurudiana kuliko mguu kupungua.

Usidhani ugonjwa huu ni wa wazee peke yao. Wazee huupata mara nyingi kwa sababu ya tensio, ambayo wengine huiita shinikizo la damu. Lakini vijana wa shule nao huupata, na mama ambaye amezaa juzi, na mtu aliyekunywa lotoko miaka mingi.

Maji yameondoka, ugonjwa umebaki

Hospitalini mgonjwa wa moyo hupata nafuu upesi mpaka watu hushangaa. Aliingia amebebwa mgongoni. Amechomwa sindano ya kutoa maji. Amekojoa mchana na usiku. Baada ya siku chache anatembea mwenyewe, viatu vinamtosha tena. Jamaa wanashukuru Mungu, nao wafanya vema. Wanafunga vitu, wanarudi nyumbani.

Sasa sikiliza sana, maana neno hili ndilo kubwa kuliko yote tuliyoandika hapa. Kilichoondoka ni maji. Moyo ni ule ule. Pampu haikubadilishwa. Vidonge alivyopewa mgonjwa si kama vile vya malaria, ambavyo humezwa siku tatu na kazi imekwisha. Hivi ni kama fimbo ya mwenye mguu mbovu: akiishika, anatembea, akiitupa kwa kuwa anatembea vizuri, ataanguka.

Wengi huitupa. Vidonge vya mwezi wa kwanza vikiisha, mgonjwa husema, Mimi ni mzima, kwa nini ninunue vingine? Majuma mawili au matatu hupita bila shida. Kisha miguu yaanza kujaa, naye arudi hospitalini usiku akiwa katika hali mbaya kuliko ya kwanza. Mara nyingine hafiki.

Wengine huacha vidonge kwa sababu ya imani. Waliombewa kanisani, wakajisikia vema, wakashuhudia mbele ya watu wote. Baada ya ushuhuda huona haya kuonekana wakimeza dawa. Hatutaki kupunguza maombi. Sisi wenyewe huomba kando ya vitanda kila asubuhi. Lakini kumbuka mfalme Hezekia. Alilia mbele za Mungu, naye Mungu akamsikia na kumwongezea miaka. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Hezekia hakuona kwamba tini ni matusi kwa Mungu. Mtu aliyeombewa na aje apimwe. Daktari akiona kwamba dawa yaweza kupunguzwa, atafurahi kuipunguza. Na wachungaji, tunawasihi: msimwambie mtu atupe vidonge. Mwambieni akapimwe.

Chungu kimoja, watu kumi na wawili

Adui wa kwanza wa moyo uliochoka ni chumvi. Chumvi hushika maji mwilini. Mtu aliyekula chumvi nyingi leo, kesho miguu yake itakuambia. Shirika la Afya la Dunia lasema mtu mzima yeyote, hata asiye mgonjwa, asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vyakula.

Kuandika hivi ni rahisi. Tunajua nyumba za Nyakasanza. Katika nyumba nyingi wamo ndugu waliokimbia vita vijijini, na chungu ni kimoja kwa watu kumi na wawili. Hakuna mama atakayepika mara mbili kwa makala ya bei hii. Basi fanya hivi. Pika sombe au maharagi bila chumvi kabisa mpaka yaive. Chota sehemu ya mgonjwa, iweke kando. Kisha tia chumvi ya wengine. Sehemu ya mgonjwa itiwe ladha kwa kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, tangawizi, ndimu au pilipili. Majuma mawili ya kwanza atanung'unika kwamba chakula hakina ladha. Mvumilie. Ulimi hujifunza.

Angalia hasa chumvi isiyoonekana. Makayabo ni samaki aliyelala ndani ya chumvi; hata ukimloweka usiku kucha na kubadili maji, bado anayo nyingi. Mgonjwa wa moyo amwache. Samaki mbichi wa Ziwa Albert, anayeletwa kutoka Kasenyi na Tchomia, ni mwema, lakini yule yule akitiwa chumvi na kukaushwa si mwema tena. Kipande cha Maggi, ambacho siku hizi hutiwa katika kila mchuzi, kimejaa chumvi. Vivyo hivyo samaki wa kopo. Wengine hupika bila chumvi kisha hutia Maggi viwili, wakidhani wametii.

Wengine wa nyumbani waendelee na chumvi kidogo yenye iodini, maana iodini huzuia uvimbe wa shingo na husaidia akili za watoto. Na bugali je? Unga hauna chumvi. Mgonjwa ale kwa kadiri. Ale kidogo kidogo mara nyingi, si sahani moja kubwa jioni, kwa kuwa tumbo lililojaa husukuma mapafu juu. Maji ya kunywa anywe kwa kikombe kinachojulikana, kadiri alivyoambiwa na daktari wake. Lotoko na pombe nyingine kali aache kabisa. Sigara pia.

Vidonge

Vidonge vya kutoa maji vimezwe asubuhi, ili usiku mgonjwa alale. Tumegundua kwamba wengi hawavimezi siku ya Jumapili, kwa sababu ibada ni ndefu na choo kiko mbali. Hatuwacheki, jambo hilo ni kweli. Siku hiyo mgonjwa avimeze baada ya kutoka kanisani, lakini avimeze. Na mashemasi wamwachie nafasi karibu na mlango.

Wengine hupewa kidonge kidogo kiitwacho digoksini. Kimetokana na mmea. Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, aliandika kitabu juu ya mmea huo baada ya kuujua kutoka katika dawa ya kienyeji ya bibi kizee mmoja aliyeponya watu waliovimba. Withering alikaa miaka kumi akichunguza kipimo, maana aliona kwamba majani yale yale yanayosaidia moyo, yakizidi kidogo, huua. Ndiyo sababu hatudharau majani ya wazee wetu, lakini twaogopa dawa isiyo na kipimo. Mwenye kupewa digoksini apimwe mapigo kila asubuhi. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu dakika nzima kwa saa. Yakiwa chini ya 60, usimpe kidonge siku hiyo, mwite mwuguzi. Kadhalika ukiona anatapika, hataki chakula, au asema macho yake yaona rangi ya manjano.

Jihadharini na vidonge vya maumivu vinavyouzwa sokoni na katika maduka madogo. Diklofenaki na ibuprofeni hushika maji mwilini, huumiza figo na kupandisha tensio. Mgonjwa aliyekuwa akiendelea vema, akaumwa mgongo, akanunua diklofenaki za siku tano, hurudi kwetu amevimba. Maumivu madogo yatulizwe kwa parasetamoli. Na kabla ya kununua dawa yoyote mpya, mwambie mwenye duka, Mimi ni mgonjwa wa moyo.

Kitanda cha mgonjwa

Katika hospitali zetu daima kuna mlinzi wa mgonjwa, mama au dada au mtoto mkubwa anayelala chini ya kitanda. Nyumbani mlinzi huyo ndiye mwuguzi. Kwa hiyo haya ni yake.

Mgonjwa anayekosa pumzi asilazwe chali. Kama huna mito, chukua kiti cha mbao, ukipindue, miguu yake ielekee juu ukutani, ukiweke kichwani pa kitanda ili mgongo wa kiti uwe mteremko. Juu yake weka godoro au blanketi zilizokunjwa. Ni ufundi wa zamani, hauna gharama. Dirisha liwe wazi, na moto wa makala usiwe ndani ya chumba. Moshi ni mzigo wa pili.

Ikiwa ni dhaifu sana hata hawezi kujigeuza, mgeuze kila saa mbili, usiku pia, pokezaneni zamu. Osha na kukausha mgongo, matako na visigino, utazame kama kuna wekundu au weusi mpya. Ngozi iliyojaa maji huchubuka kwa kitu kidogo. Miguu yake ichezeshwe, vidole vipinde na kunyoka mara nyingi, maana damu iliyolala mguuni huweza kuganda. Lakini akipata nguvu, asiendelee kulala kama mayai ya kuku. Atembee uani kila siku, akiongeza hatua kidogo. Akikosa pumzi asimame. Kama anaweza kutembea akizungumza, mwendo huo unamfaa.

Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, apimwe uzito. Kilo mbili zikiongezeka kwa siku tatu, si kunenepa. Ni maji, arudi hospitalini kabla hajakosa pumzi. Asiye na mizani achukue uzi, azungushe juu kidogo ya kifundo cha mguu, afunge fundo. Kesho azungushe tena mahali pale pale. Uzi usipofika, amepata habari.

Neno moja kwa wageni. Ni tendo jema kumtembelea mgonjwa. Lakini watu kumi na wanane katika chumba kimoja, wakiimba nyimbo saba, huku mwenyewe akijitahidi kuketi wima ili asiwavunjie heshima! Ingieni wawili wawili. Imbeni wimbo mmoja. Na badala ya kuleta makayabo au chupa ya soda, chote maji ya nyumba hiyo, au mlipe vidonge vya juma moja.

Koo la mtoto na moyo wa kijana

Tukitazama wodi, kinachotuhuzunisha zaidi ni msichana wa miaka kumi na minne ambaye hawezi kupanda ngazi. Mara nyingi ugonjwa wake ulianza kooni. Mtoto huumwa koo na kupata homa. Siku chache apona, hakuna anayekumbuka. Baada ya majuma mawili au matatu viungo vyaanza kuuma na kuvimba, leo goti, kesho kifundo cha mkono. Hiyo ni homa inayouma viungo lakini hula milango ya moyo. Kila koo jipya huila tena.

Kwa hiyo mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe apimwe, na akipewa dawa aimalize. Na yule ambaye moyo wake umeguswa atahitaji sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi, hata akiwa mzima kabisa machoni pa watu. Sindano hiyo inauma, hatufichi. Wazazi huchoka, mtoto huhama kwa mjomba wake kwa ajili ya shule, karatasi yapotea. Mjomba apewe karatasi hiyo pamoja na sanduku la nguo.

Msichana huyo akikua na kutaka kuolewa, aje yeye na mchumba wake wazungumze na daktari kabla ya mimba, maana mimba huongeza damu na kazi ya moyo. Tena kuna mama ambaye moyo wake ulikuwa mzima, akachoka katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kuzaa. Watu husema ni uchovu wa kunyonyesha. Mama mzazi asiyeweza kulala chali apelekwe upesi. Wengi wao hupona; lakini wasichukue mimba nyingine bila shauri la daktari, na shauri hilo mume alisikie kwa masikio yake.

Tensio

Tensio haiumi, na hiyo ndiyo hila yake. Haiwezi kujulikana kwa kumtazama mtu usoni wala kwa kuumwa kichwa. Hujulikana kwa chombo tu. Kitambaa cha kufunga mkononi kilianza kwa Mwitalia Riva-Rocci mwaka 1896, na Mrusi Korotkov akafundisha mwaka 1905 kusikiliza mshipa; mpaka leo wauguzi hufanya hivyo. Kabla ya kupimwa keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, umekwisha kukojoa, hukunywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, siku zaidi ya moja, una tensio, hata kama umelima shamba zima asubuhi hiyo.

Asiyetibiwa moyo wake huchoka, figo huharibika, au mshipa wa kichwa hupasuka au kuzibwa. Ukiona ghafula mdomo wa mtu umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno yamechanganyika, usimpe maji wala dawa ya majani mdomoni, huingia mapafuni. Usimchanje. Mlaze ubavu, tazama saa ilikuwa saa ngapi, mpeleke hospitalini wakati huo huo.

Nyakati za kukimbia

Watu wa Ituri hatuwezi kuandika juu ya dawa za kila siku bila kutaja njia ya kukimbia. Hospitali ya Nyankunde, ambayo misheni kadhaa ziliifanya kituo kimoja cha madaktari mwaka 1965 pamoja na Daktari Carl Becker, na ambako Daktari Helen Roseveare alifundisha wauguzi wengi, ilishambuliwa tarehe 5 Septemba 2002. Waliookoka, wauguzi pamoja na wagonjwa, walitembea kwa miguu siku nyingi kuelekea Oicha. Mwezi wa Mei 2003 ikawa zamu ya Bunia, na mitaa ya Nyakasanza na Mudzipela ikabaki mitupu. Katika njia kama hizo mgonjwa wa moyo aliyeacha vidonge nyumbani ana siku chache tu.

Basi chukua mfuko wa plastiki mzito, utie ndani yake vidonge vya majuma mawili, na karatasi yenye jina la kila dawa na kipimo chake, na kadi ya hospitali. Ufunge, uutundike karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto ataukuta gizani. Kila mwezi toa vidonge hivyo uvimeze, utie vipya. Karatasi hiyo ina faida kuliko vidonge vyenyewe: mwuguzi wa Beni au wa Uganda akiisoma ataendelea pale tulipoachia.

Siku ya kurudi kupimwa, usingoje mpaka vidonge viishe. Njoo vikiwa vimebaki vya siku tano. Lete kadi, lete maboksi yote, hata yale ya sokoni uliyotuficha. Na mlete yule anayepika. Mara nyingi mgonjwa huja peke yake, au na kaka yake mwenye pikipiki, nasi twawaeleza habari ya chumvi mpaka mate yatukauke, na mwenye chungu yuko Nyakasanza, hajasikia neno hata moja.